Adapta Haipunguzi Umeme: Vyombo vya Jikoni Kutoka Marekani Kwenye Soketi za Mbeya

Barua ya msomaji

Ndugu washauri, habari za kazi.

Mimi ni mpika keki hapa Uyole, Mbeya. Natengeneza keki za harusi, sendofu na ubarikio, na siku za kawaida nauza maandazi na skonsi. Dada yangu anayeishi Houston alinikusanyia vyombo vya jikoni, akavifunga kwenye maboksi mawili, vikaja kwa meli hadi Dar es Salaam kisha vikapandishwa basi hadi huku. Nilifurahi mno, maana unga wa kilo tano kuukanda kwa mkono kila alfajiri si mchezo.

Plagi zake zote zina pini mbili bapa, na baadhi zina ya tatu ya mviringo. Nikaenda Mwanjelwa, nikauziwa adapta ambayo muuzaji alisema inapokea plagi ya nchi yoyote. Nilianza na toasta, kwa kuwa ndiyo ndogo. Nikaweka slesi mbili, nikabonyeza. Zile nyaya za ndani hazikuwaka nyekundu, ziliwaka nyeupe kama taa. Haikupita nusu dakika mkate ukawa mkaa, ukasikika mlio mmoja, toasta ikazima. Adapta imeyeyuka upande mmoja. Kinachonishangaza ni kwamba breka ya nyumba haikuruka, na fyuzi ya ekstensheni ni nzima. Lebo ya toasta inasema 120V 60Hz 900W.

Vilivyobaki sijavigusa. Nimenakili lebo zake: miksa kubwa ya kusimama 120V 60Hz 325W; sufuria ya presha ya umeme yenye vitufe na saa 120V 60Hz 1000W; blenda kubwa 120V 60Hz 12A; maikrowevu 120V 60Hz 1500W; na blenda ndogo ya mkono ya kuchaji, chaja yake imeandikwa INPUT 100-240V 50/60Hz. Tena mume wangu aliniletea kutoka Tunduma birika la umeme la Afrika Kusini, lina pini tatu nene za mviringo, 220-240V 50Hz 2200W. Nalo nimeliogopa.

Fundi wa jirani anasema tukate plagi tuweke za kwetu, yataisha. Binamu yangu anasema nitumie stabilaiza ya friji. Dukani wamenionyesha kitu wanachokiita transfoma ya wati 1600, kiboksi chepesi kinachoingia kwenye mkoba. Nimsikilize nani? Na dada ananiuliza atume nini safari ijayo.

Mpika keki, Uyole

Jibu

Dada yetu, pole kwa toasta. Haifai kutengenezwa, iweke pembeni. Vingine umeviokoa kwa kutovigusa, na kunakili lebo kama ulivyofanya kumerahisisha kazi, kwa sababu karibu majibu yote yamo kwenye hizo namba.

Soketi zetu Tanzania zinatoa volti 230 kwa hezi 50. Za Marekani zinatoa volti 120 kwa hezi 60. Adapta inabadilisha umbo la pini na basi. Volti zinazoingia upande huu ndizo zinazotokea upande ule. Kwa hiyo koili ya toasta iliyotengenezwa kwa volti 120 ilipokea 230. Volti zikikaribia kuzidi mara mbili, mkondo kwenye koili ileile nao unakaribia kuzidi mara mbili, na joto ni zao la hivyo viwili. Ukipiga hesabu kamili joto linapanda mara 3.67. Toasta yako ya wati 900 ilikuwa inafanya kazi ya wati 3,300. Ndiyo maana koili iliwaka nyeupe, ikakatika.

Kuhusu breka, wengi wanaamini ingewaokoa, na hapo ndipo nyumba zinapoungua. Kwao Marekani toasta hiyo ingevuta ampea 7.5. Kwako ilivuta kama 14.4. Breka ya saketi ya soketi kwa kawaida ni ya ampea 20 au 32, na kazi yake ni kulinda nyaya za ukutani. Haijui kama chombo ulichochomeka kinaungua. Fyuzi ya ampea 13 nayo inaweza kubeba ampea 14 kwa muda mrefu bila kukatika, maana imetengenezwa ikatike mkondo ukizidi sana, si ukizidi kidogo. Kilichobaki dhaifu kuliko vyote ni adapta, ambayo nyingi za aina hiyo zimeundwa kwa ampea 6 au 10 na ndani hazina fyuzi. Ikayeyuka. Itupe, hata kama upande mmoja unaonekana mzima.

Tuanze na birika la Afrika Kusini, kwa sababu hilo umeliogopa bure. Volti zake ni 220-240 na hezi zake ni 50, yaani ni umeme wetu huuhuu. Tofauti ni plagi tu, na hapa peke yake ndipo ushauri wa fundi wa jirani unafaa: kata plagi, funga ya pini tatu za bapa yenye fyuzi ya ampea 13. Wati 2,200 kwa volti 230 ni ampea 9.6, kwa hiyo fyuzi hiyo inatosha, ila ya ampea 3 au 5 itakatika. Ukifungua plagi mpya na kuigeuza ndani ikutazame, pini kubwa ikiwa juu, waya wa kahawia unakwenda kulia penye fyuzi, wa bluu kushoto, wa kijani na njano juu. Uache huo wa kijani na njano, yaani waya wa ethi unaopeleka umeme ardhini ukivuja, uwe mrefu kidogo kuliko mingine miwili, ili kebo ikivutwa kwa nguvu ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Kile kibano cha kebo kishike ganda la nje, si nyaya za ndani.

Blenda ya mkono ya kuchaji nayo haina tatizo. Lebo inayoandika 100-240V kwa kistari ina maana chaja inapokea volti yoyote kati ya hizo, na 50/60Hz ina maana hezi zote mbili sawa. Hiyo inahitaji adapta ya pini tu, nzuri na inayobana. Chunga mkwaju, yaani alama ya /. Chombo kilichoandikwa 120/240V kwa mkwaju mara nyingi kina swichi ndogo ya kuchagua, nyuma au chini, inayogeuzwa kwa bisibisi bapa. Ikiwa imewekwa 120 na ukachomeka, yatatokea yaleyale ya toasta.

Ukiacha maikrowevu, ambayo tutaifikia, vitatu vinavyobaki vya volti 120, yaani miksa, sufuria ya presha na blenda kubwa, havitawaka salama bila transfoma ya kupunguza umeme kutoka 230 hadi 110 au 120. Kukata plagi yake na kufunga ya kwetu ni kurudia ajali bila hata ile adapta ya kuyeyuka. Tena kuna mtego wa rangi ambao fundi asiyezoea vyombo vya Marekani anaingia bila kujua. Kwenye nyaya zetu za zamani za Kiingereza, nyeusi ni nyutro (waya wa kurudisha umeme) na nyekundu ni laivu (waya unaoleta umeme). Kwa Wamarekani nyeusi ndiyo laivu, nyeupe ni nyutro, na kijani ni ethi. Fundi akifuata mazoea atageuza, na chombo kitaonekana kinafanya kazi vizuri huku swichi yake ikikata nyutro badala ya laivu. Utakizima, lakini ndani bado kina umeme. Kwenye ile kebo bapa ya nyaya mbili zisizo na rangi tofauti, papasa kwa kidole: upande wenye mistari ya mkwaruzo ni nyutro, upande laini ni laivu. Ushauri wetu ni kuziacha plagi zake zilivyo na kutafuta transfoma yenye matundu ya Marekani.

Sasa transfoma yenyewe. Kile kiboksi chepesi cha wati 1600 ulichoonyeshwa usikinunue. Transfoma ya kweli ni chuma na waya wa shaba, na chuma hakiwi chepesi: ya wati 1,000 na kuendelea ni mzigo wa kilo kadhaa, utaihisi mkononi unapoinua. Kinachoingia kwenye mkoba na kujiita wati 1600 ni kifaa cha kielektroniki kinachokatakata mawimbi ya umeme. Kipimo cha wastani kinashuka, lakini kilele cha wimbi kinaweza kubaki kilekile cha umeme wetu, kama volti 325, wakati umeme wa Marekani kilele chake ni 170. Kitu chenye koili tupu, kama pasi ya kawaida ya safari, kinavumilia kwa dakika chache. Mota haivumilii, na kile kibao cha elektroniki ndani ya sufuria yako ya presha kitakufa siku ya kwanza.

Stabilaiza aliyoitaja binamu ni habari nyingine. Kazi yake ni kuurudisha umeme unaopanda na kushuka ukae karibu na 220 au 230. Na ile gadi ya friji haifanyi hata hilo, inakata tu umeme ukizidi au ukipungua na kuurudisha baada ya dakika chache. Hakuna hata moja inayokupa 120. Kweli, baadhi ya stabilaiza zina tundu moja lililoandikwa 110V pembeni ya lile la 220V. Hatukushauri ulitegemee jikoni: mara nyingi limekusudiwa mzigo mdogo kuliko namba kubwa iliyoandikwa mbele, na matundu yote mawili yanafanana, umbali wa vidole viwili. Asubuhi ya saa kumi, mikono ina unga, ni rahisi mno kukosea.

Ukubwa unaupata hivi. Kama lebo ina wati, chukua wati. Kama ina ampea, zidisha kwa volti: blenda yako ya 12A mara 120 ni wati 1,440. Kwa chombo cha koili ongeza nusu, kwa chombo cha mota zidisha mara mbili au zaidi, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka, hasa ikiwa na unga mgumu, inavuta mkondo mkubwa kuliko ulioandikwa. Miksa ya wati 325 itatosheka na transfoma ya wati 1,000. Sufuria ya presha ya wati 1,000 inataka 1,500. Blenda inataka 3,000.

Tungekuwa wewe tungenunua moja ya wati 2,000, ihudumie miksa na sufuria ya presha kwa zamu, na blenda kubwa tungeiuza au kumrudishia dada. Transfoma ya wati 3,000 ni nzito, ni ghali, na kuinunua kwa ajili ya blenda moja wakati blenda nzuri za volti 230 zipo Mbeya mjini ni kupoteza fedha. Kama unauza juisi kila siku na blenda hiyo ndiyo riziki, hapo hesabu inabadilika, nunua ya 3,000 na vyote vitatu vitaitumia. Lakini kimoja kwa wakati mmoja.

Dukani usitazame namba ya mbele tu, kwa sababu wapo wanaoandika wati mara mbili ya uwezo. Inua, linganisha uzito na nyingine za namba hiyohiyo. Omba ichomekwe na ipimwe kwa mita. Nyingi zinagawanya umeme kwa mbili kamili, kwa hiyo soketi ikiwa na 230 zitoe 115, ambazo zinafaa kabisa kwa vyombo vyako. Kisha ipewe mzigo, hata kama ni kwa kubeba sufuria yako ya presha hadi dukani na kuweka maji ndani. Volti zikishuka chini ya 105 hivi wakati sufuria inachemsha, transfoma hiyo haina uwezo ulioandikwa. Angalia pia kama ina swichi ya kuchagua umeme unaoingia, 110 au 220. Iwekwe 220 na ifunikwe kwa selotepu ngumu siku hiyohiyo. Zipo zinazopandisha na kushusha, na ukiichomeka kinyume itajaribu kuzidisha volti zetu badala ya kuzigawa.

Jambo la ethi tunataka ulikazie macho. Transfoma nyingi zina matundu ya pini tatu upande wa kutolea, lakini waya wa kuingilia una plagi ya pini mbili za mviringo. Maana yake tundu la tatu halijaungwa popote. Hata yenye plagi ya pini tatu ipimwe: mita ikiwekwa kwenye kipimo cha mlio, transfoma ikiwa imechomolewa, ncha moja iguse pini kubwa ya plagi yake na nyingine iingie kwenye tundu la mviringo la kutolea. Isipolia, hakuna ethi. Miksa yako ina mwili wa chuma na unaishika kwa mikono yenye maji na siagi, kwa hiyo hilo si la kupuuza. Fundi aibadilishe kebo ya kuingilia, aweke ya nyaya tatu na plagi ya fyuzi 13, na waya wa ethi afunge kwenye ganda la chuma la transfoma na kwenye matundu ya kutolea. Na ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili plagi ya pini mbili iingie, tafadhali isiwepo nyumbani kwako. Kile kifuniko cha ndani kimewekwa ili mtoto asiingize kitu, na plagi inayoingizwa hivyo haibani, inatoa cheche na kuunguza soketi polepole.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho mafundi wachache wanakifanya. Transfoma za bei nafuu zina koili moja tu inayotumika pande zote mbili, kwa hiyo hazitenganishi chombo na umeme wa ukutani. Kama aliyefunga soketi aligeuza laivu na nyutro, chombo kitapata volti zake 115 na kufanya kazi kama kawaida, huku waya wake wa nyutro ukiwa na volti 230 ukilinganisha na ardhi. Mtu akiugusa anapigwa na umeme wote. Fundi apime upande wa kutolea, kutoka tundu la mviringo hadi kila tundu bapa. Lile refu zaidi, ambalo ni la nyutro, lisome karibu na sifuri, na lile fupi lisome kama 115. Lile refu likisoma 230, soketi yako au kebo ya transfoma imegeuzwa, na irekebishwe kwanza. Kazi hii inafanyika umeme ukiwa umewaka, hivyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, usiifanye mwenyewe.

Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Hilo ndilo linaloamua nani anapona na nani haponi. Itazame miksa yako kwenye kichwa, ubavu wa kulia na wa kushoto, pale mota ilipo. Ukiona vifuniko viwili vidogo vyeusi vyenye mfereji wa bisibisi, kimoja kila upande, ndani yake ndimo zinamokaa kaboni, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Mota ya kaboni haijali hezi 50 au 60, itazunguka kwa kasi yake. Mota isiyo na kaboni ingezunguka polepole kwa kama asilimia 17 na kupata moto kuliko ilivyokusudiwa. Blenda karibu zote ni za kaboni pia.

Maikrowevu ndiyo inayoshindwa hapo. Ndani yake kuna transfoma nyingine ya volti kubwa, na chuma chake kimepimwa kwa hezi 60. Kwenye hezi 50 chuma hicho kinajaa sumaku kupita kiasi, kinavuta mkondo zaidi, kinanguruma na kupata moto, huku chakula kikipashwa kidogo. Hata ukiinunulia transfoma ya wati 3,000 utakuwa umeinunulia kifo cha taratibu. Usimruhusu fundi yeyote ajaribu kuibadilisha ndani: kapasita yake inaweza kubaki na zaidi ya volti 2,000 hata ikiwa imechomolewa, na imeshaua mafundi. Mpe anayerudi Marekani, au iache ifanye kazi ya kabati la mikate.

Sufuria ya presha tungeipigania. Mbeya tuko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na ndiyo sababu maharage yanatusumbua kuliko wenzetu wa pwani. Presha inapandisha joto la maji juu ya hapo na kumaliza tabu. Ila muda ulioandikwa kwenye kitabu chake ni wa sehemu za chini. Ongeza asilimia 5 kwa kila mita 300 unazozidi mita 600, ambayo kwako inafika karibu asilimia 18, yaani dakika 30 za kitabu ziwe 35 au 36. Kabla ya hapo chunguza saa yake. Inapoanza kuhesabu dakika 10, anzisha na ya simu. Zikiisha pamoja, saa inajitegemea. Ikichukua dakika 12 za simu, saa hiyo inahesabu mawimbi ya umeme na inadhani ni 60 kwa sekunde. Haina madhara, ila utakuwa tayari umeongezewa asilimia 20, basi usiongeze tena ya mwinuko.

Namna ya kuwasha: transfoma iwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni, juu ya kitu kikavu, mbali na sinki na mvuke wa maandazi, matundu yake ya hewa yasizibwe na kitambaa. Chombo kiwe kimezimwa. Washa transfoma, subiri sekunde chache, kisha washa chombo. Kuzima anza na chombo. Baada ya dakika 15 weka kiganja juu ya ganda. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono hapo, au ukinusa varnishi, zima; mzigo umezidi. Kwa unga wa maandazi anza na kilo moja kwa mkupuo, kasi ya chini kabisa, dakika sita hadi nane, kisha pumzisha. Zile kilo tano utazifanya kwa mafungu, bakuli la miksa hiyo halikuundwa kuzibeba kwa pamoja.

Jioni umeme ukiwa mdogo, chunguza kabla ya kukanda. Soketi ikishuka hadi 180, transfoma inatoa 90. Sufuria ya presha itachelewa tu, kwa sababu joto lake linakuwa kama asilimia 56 ya kawaida. Lakini miksa yenye unga mgumu inaweza kusimama huku ikivuta mkondo, na mota iliyosimama inaungua haraka. Ukisikia sauti yake inakuwa nzito, zima na punguza unga.

Ukimaliza kazi zima transfoma ukutani. Hata bila chombo inakula umeme wa kujipasha moto. Ikiwa ni wati 20 tu na ukaiacha usiku na mchana, ni karibu nusu uniti kwa siku, uniti 14 za LUKU kwa mwezi zimekwenda bila kupika kitu. Msimu wa radi, kuanzia Novemba hadi Aprili, ichomoe kabisa.

Na kwa kuwa kuna vyombo vya mitumba kutoka Japani, majiko ya wali hasa, vinavyotupa tamaa kwa sababu ya mchele wa Kyela, tahadhari: Japani ni volti 100, si 120. Ukivichomeka moja kwa moja joto linazidi mara 5. Hata kwenye transfoma yako inayotoa 115, koili itapokea joto la ziada la asilimia 32, wali utashika chini na koili haitadumu. Vinahitaji transfoma ya 100 hasa.

Dada mwambie asitume tena kitu cha koili wala cha mota kilichonunuliwa dukani kwao bila kupiga picha lebo yake na kukutumia kwanza. Ikiwa ni 120V peke yake, aache. Ikiwa ni 220-240V 50Hz au 100-240V, atume. Ambavyo tungemwomba kwa moyo wote havina waya: sufuria nzito za keki za inchi 6, 8 na 10, seti ya ncha za kupambia, na kipuri cha miksa hiyohiyo, yaani jozi mbili za kaboni zake zenye namba ya modeli iliyo chini ya kitako, kwa sababu zikiisha huku utazitafuta sana.